Kambi ya Darasa la Saba Inawafaa Nani?

"Mwalimu, kambi ianze lini?" Kila mtihani wa Septemba ukikaribia, wazazi wa hapa Tinde wananiuliza hilo. Atakayefuata anisamehe nikimjibu kwa ukali. Ianze lini ili ifanye nini? Ubao unajazwa, daftari linajazwa, kisha watoto wanarudia kwa sauti mpaka usiku.

Imani ni kwamba somo likirudiwa sana linaingia. Linaingia, ndiyo, ila halikai. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi za kisayansi. Kundi moja lilisoma vipindi vinne mfululizo. Jingine lilisoma kipindi kimoja tu. Vitatu vilivyobaki waliandika walichokumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika 5 wasomaji waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki walibaki na 40, wenzao 61. Tena hao wasomaji ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka! Sifa za kambi zinatoka hapo: jioni mtoto anaimba majibu, mzazi anatoa mchango wa pili, mwalimu mkuu analala usingizi mnono. Mtihani haufanywi jioni ile.



Wapo wanaodhani basi tatizo ni fedha. Jaribio la KiuFunza, lililopima ruzuku kwa shule na bonasi kwa walimu mwaka 2013 na 2014, lilihusisha shule 350 nchini. Ruzuku peke yake haikuinua ujifunzaji. Bonasi ya walimu peke yake ilitoa matokeo ya kuyumba. Vilipowekwa pamoja, watoto walijifunza zaidi, kupita hata jumla ya kila kimoja kivyake. Shule ina mambo mengi yanayotegemeana, kwa hiyo ukigusa moja na kuacha mengine usishangae.

Haya, tufanye nini? Anzeni Januari. Kila asubuhi maswali matano ya wiki iliyopita, daftari limefungwa, bila alama wala viboko. Kosa lisahihishwe papo hapo. Changanyeni sehemu, asilimia na eneo katika zoezi moja. Anayekwama kwa Kiswahili aeleze kwanza kwa Kisukuma. Usiku watoto walale. Na mchango wa kambi ukishakusanywa, nunueni karatasi.