Ajali za Ndege: Tuulize, Kati ya Safari Ngapi?

Ajali ya ndege inapotangazwa redioni, wazazi wengi huapa kwamba mtoto wao hatapanda chombo hicho. Ni heri asafiri kwa basi. Je, uamuzi huo una msingi?

Idadi ya waliokufa peke yake haitoshi kupimia hatari. Sharti tuulize: kati ya safari ngapi, na katika miaka mingapi?

Tuchukue mfano wa Concorde, ndege iliyoruka kwa kasi kuliko sauti. Tangu ianze kuchukua abiria mwaka 1976 haikuua abiria hata mmoja, ikasifiwa kwa usalama. Tarehe 25 Julai 2000 moja ilianguka karibu na Paris, wakafariki watu 113, wanne kati yao wakiwa ardhini. Kwa kuwa safari za Concorde zilikuwa chache, ajali hiyo moja iliifanya ionekane ya hatari kuliko Boeing 737, aina iliyokwisha kuanguka mara nyingi, lakini katika mamilioni ya safari.

Vilevile, mwaka mmoja si kipimo. Mwaka 2017 ndege za jeti za abiria hazikupata ajali yenye kuua; Oktoba 2018 ajali moja peke yake, huko Indonesia, iliua watu 189.

Basi, ndugu mzazi, kabla hujambadilishia mwanao safari, gawanya vifo kwa idadi ya safari za miaka mingi, na basi nalo ulipime kwa mizani ile ile. Hapo ndipo utakapojua chombo cha kuogopa.