Kambi za Mapumziko Zisiwe Viwanja vya Makelele

Mapumziko si anasa. Mtu anayefanya kazi mwaka mzima, awe karani wa ofisini, mvuvi, mwalimu au mama wa nyumbani ambaye kazi yake haina saa ya kufungwa, anahitaji siku chache za kuupumzisha mwili na kuituliza akili. Wazee wetu walilijua hilo kabla neno utalii halijaenea. Ndiyo maana kila mwisho wa Shaaban familia za Unguja na Pemba hufungasha vyungu na mikeka zikaenda ufukweni kuvunja jungu, wakubwa kwa wadogo, kabla ya kuingia katika mwezi wa ibada.

Kulala nje ya nyumba nako si jambo geni kwetu. Wavuvi wa Pemba hupiga dago katika kisiwa cha Misali, wakalala ufukweni chini ya vibanda vya makuti, karibu na maji wanayoyavua. Lakini dago ni kazi. Jambo lililo jipya kwa baadhi yetu ni kuvuka bahari pamoja na wake na watoto, kukodi nafasi katika kambi iliyotengenezwa kwa ajili ya wageni, na kulala katika hema kwa kutafuta raha tu. Watu wa visiwani huvutiwa hasa na kambi zilizo kando ya mito, na sababu yake haifichiki. Bahari tunaiona kila siku. Mito yetu, hata ule wa Mwera, ni midogo, na mtoto wa Unguja aweza kufikia umri wa kwenda skuli ya sekondari bila ya kuuona mto mpana unaotiririka usiku na mchana.

Mwandishi wa safu hii amekwenda na familia yake mara mbili, katika miaka miwili iliyofuatana, kwenye kambi moja ya namna hiyo huko Bara. Hatulitaji jina la kambi wala la mwenyewe, kwani madhumuni ya makala haya ni kueleza kasoro ambayo yaweza kutokea popote, na kwetu pia, iwapo wahusika hawatachukua hadhari mapema.

Mara ya kwanza tulikuwa watu sita, pamoja na mama yetu mzazi, ambaye alisema kwamba hatarudi Unguja mpaka alale usiku mmoja akiusikia mto. Tulifika alasiri. Mahali palikuwa pazuri kwa hakika: miti mikubwa, majani yaliyofyekwa, maji yakipita juu ya mawe. Watoto walisaidia kusimamisha mahema mawili, tukapika, tukasali, tukala. Baada ya Isha likaingia basi lililojaa wafanyakazi waliokuja kusherehekea. Spika mbili kubwa zikateremshwa, jenereta ikawashwa, na muziki ukapigwa mpaka karibu na alfajiri. Mtoto wetu mdogo, ambaye njia nzima alikuwa akiuulizia mto, alikaa kitako katika hema akasema, "Baba, mbona mto hausikiki?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Bibi yake hakulalamika. Alikaa na tasbihi yake mpaka kukapambazuka.

Asubuhi meneja alituomba radhi kwa adabu, akasema kundi lile linaondoka. Liliondoka kweli, lakini usiku wa pili kelele zilitoka katika baa iliyokuwa ng'ambo ya mto, ambayo mchana hatukuitambua. Siku ya tatu tulivunja mahema na kurudi, tukiwa tumechoka kuliko tulivyokwenda, na fedha zilizodunduizwa kwa miezi zimekwisha.

Msomaji atauliza kwa nini tulirudi mwaka wa pili. Tulirudi kwa sababu meneja yule yule alituhakikishia kwa simu kwamba sasa kambi ina sharti la kimya. Na kweli, tulipofika tulilikuta bango jipya langoni limeandikwa kwa rangi nyekundu: kimya kuanzia saa nne za usiku. Saa nne ikafika, muziki ukaendelea. Saa tano mwandishi alimwendea mlinzi, kijana mpole, akamwonyesha bango. Kijana akajibu kwa sauti ya chini, "Mzee, wale ndio wanaonunua. Mimi nikiwazimia muziki, kesho sina kazi."

Maneno hayo ya mlinzi yanastahili kuzingatiwa kuliko malalamiko yetu yote, kwani ndani yake umo mzizi wa jambo lenyewe. Familia hulipia nafasi ya hema, ikaja na mchele wake, samaki wake na birika lake la chai. Kundi la sherehe hununua vinywaji kwa makreti. Kwa hesabu ya usiku mmoja, mwenye kambi anapata zaidi kwa mpiga kelele kuliko kwa mtulivu, na bango halina nguvu ya kushindana na hesabu hiyo. Mlinzi anayelipwa na mwenye kambi hawezi kutarajiwa kuwa hakimu baina ya mwajiri wake na mgeni. Biashara ikiachiwa yenyewe, itawapendelea wenye spika, na wenye watoto watakwenda mara moja au mbili kisha wasirudi tena. Mama yetu, mara ya pili, hakuja.

Wako watakaosema kwamba Waswahili ni watu wa ngoma, na kwamba anayetaka kimya na abaki nyumbani kwake. Hoja hiyo haina uzito. Ngoma yetu ina mahali pake na wakati wake. Anayekwenda Makunduchi kwa Mwaka Kogwa anajua anakwendea nini. Wala hatuwakatalii wafanyakazi waliochoka kusherehekea. Nao wamelipa, nao wana haki. Tunachokipinga ni kuuza kitu kimoja kwa watu wawili ambao matumizi yao hayapatani, kisha kuwaacha wagombane gizani.

Inafaa pia ieleweke kwamba sauti ina tabia zake, na tabia hizo ndizo zinazofanya kambi ya kando ya mto kuwa mahali pagumu kuliko panavyoonekana. Katika usiku mtulivu usio na mawingu, hewa iliyo karibu na ardhi na maji hupoa, na ya juu yake hubaki na joto zaidi. Sauti inayopanda hupindishwa na kurudishwa chini, ikafika mbali kuliko inavyofika mchana. Uso wa maji nao hauna mti wala ukuta wa kuizuia. Ndiyo maana baa ya ng'ambo, ambayo mchana haikusikika, usiku ilikuwa kana kwamba imo ndani ya hema.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kuwa kelele za usiku nje ya vyumba vya kulala zisizidi desibeli 45, ili ndani zisizidi 30. Tofauti hiyo ya 15 hutokana na ukuta wa nyumba, hata dirisha likiwa limefunguliwa kidogo. Kitambaa cha hema hakina ukuta. Sasa tuchukue spika inayotoa desibeli 85 kwa mtu aliye umbali wa meta 10. Katika uwanda ulio wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili kelele hupungua kwa desibeli 6 hivi. Kwa hiyo katika meta 20 zitakuwa 79, katika meta 40 zitakuwa 73, na ili zishuke mpaka 45 itabidi hema liwe umbali wa kilometa moja nzima. Hakuna kambi ya kawaida yenye nafasi kama hiyo. Lakini sauti ikiteremshwa tangu mwanzo hadi desibeli 65 katika meta zile zile 10, meta 100 zinatosha kufikia kiasi hicho hicho. Hesabu hii yatufundisha kwamba umbali peke yake hauponyi. Lazima sauti yenyewe ipunguzwe.

Haya tunayaeleza kwa sababu visiwa vyetu vinategemea wageni, na baadhi yao wangependa kulala karibu na fukwe na misitu yetu kwa gharama ndogo. Miongoni mwao wamo ndugu zetu wa Bara, na wamo pia watu wetu wenyewe wa mjini ambao hawana uwezo wa kulala hotelini. Ikiwa siku moja mtu wa Nungwi, wa Chwaka au wa Micheweni ataomba ruhusa ya kufungua kambi, ni bora wakubwa wanaohusika wawe wamekwisha kujiuliza maswali yanayopasa kabla ya kutia saini.

Sheria si haba. Bara ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015. Zanzibar ina Sheria yake ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015, iliyoanzisha mamlaka ya kusimamia mazingira. Kinachohitajika ni kuileta sheria mpaka kwenye lango la kambi.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, leseni ya kambi itaje wazi kama mahali hapo ni pa mapumziko ya familia au pa sherehe, na anayetaka yote mawili atenge siku au viwanja. Mfano wa kutenga upo: katika hifadhi za taifa huko Bara kuna kambi za umma zinazotumiwa na wageni mbalimbali kwa pamoja, na kambi maalumu ambazo kundi moja hulipia zaidi ili liwe peke yake. Pili, saa ya kimya iwe sharti la leseni, na sauti ipimwe palipo na mahema, kwani anayeumia ni aliyelala humo. Tatu, mgeni awe na mtu wa kumwendea asiyelipwa na mwenye kambi. Hapa kwetu sheha anajulikana na kila mtu. Apewe namba ya simu ya ofisa wa mazingira, na namba hiyo ibandikwe langoni. Nne, kambi itakayovunja sharti irudishe fedha za usiku ule kwa mgeni. Pindi hesabu ya mwenye kambi itakapobadilika, bango litaanza kutiiwa.

Nasi wananchi tunao wajibu wetu. Kabla ya kulipa tuulize nani mwingine amepokewa usiku huo, kuna nini ng'ambo ya maji, na jenereta huzimwa saa ngapi. Tukienda na spika zetu wenyewe tukumbuke kwamba katika hema la jirani huenda yumo mtoto mchanga, au mgonjwa, au mzee aliyevuka bahari kwa jambo moja tu.

Mama yetu angali anaulizia mto. Tumemwahidi kwamba tutampeleka tena pindi tutakapopata mahali ambapo usiku unaachwa uwe usiku. Tungefurahi zaidi kama siku hiyo ingekuwa na maana kwa wengine pia, na mgeni kutoka Bara akaweza kulala katika ufukwe mmojawapo wa visiwa hivi, asisikie kitu ila mawimbi, akarudi kwao akatusifu.