Simu ya Mkononi Ikae na Nani?

Baadhi ya wanachama watashangaa kuona gazeti letu dogo, lililozoea kuzungumza juu ya bei, majamvi na mikarafuu inayokauka, safari hii laingilia mambo ya waja wazito. Sisi hatuoni ajabu yo yote. Mikarafuu ya kisiwa hiki husifiwa na wanaume barazani, lakini mwenye kuzichambua karafuu usiku, kuzianika asubuhi, kuzigeuza mchana na kuziwahi mvua inapotanda, mara nyingi ni mwanamke, na pengine ana mimba ya miezi saba au minane. Akipatwa na jambo yeye, nyumba imepatwa. Basi tumeona yafaa tuwaeleze wanachama habari ya kazi moja iliyokwisha kupimwa hapa kwetu Zanzibar, nayo ni kutumia ujumbe wa simu ya mkononi kuwalinda mama na mtoto.

Twasema imepimwa, wala si uvumi wa sokoni. Katika miaka ya 2009 na 2010 wataalamu kutoka Denmark, pamoja na Wizara ya Afya ya Zanzibar, walifanya majaribio katika vituo vya afya 24 vya kisiwa cha Unguja, katika wilaya zake zote sita. Waja wazito 2,550 waliingia. Vituo viligawanywa mafungu mawili kwa kura ili pasiwe na upendeleo. Fungu la kwanza liliendelea na matibabu yake kama desturi. Katika fungu la pili, mama alipelekewa ujumbe mfupi wa maneno: mwanzo mara mbili kwa mwezi, na mimba ilipofika wiki ya 36, mara mbili kwa wiki. Ujumbe ulimkumbusha siku ya kliniki na kumshauri aende kujifungua mahali penye mkunga aliyesoma kazi yake. Tena alipewa vocha na namba ya mhudumu wa kituo chake, apate kuuliza linapomfika la kuuliza. Wenyewe waliiita kazi hiyo "Wired Mothers", yaani mama waliounganishwa kwa waya, ijapokuwa simu hizi waya hazina!

Matokeo yake yalitangazwa tangu mwaka 2012. Katika fungu lililopata ujumbe, mama 60 katika kila mia walizalishwa na mkunga au daktari. Katika fungu jingine walikuwa 47. Waliokwenda kliniki mara nne au zaidi walikuwa 44 katika mia, na wale wasiopata ujumbe walikuwa 31. Hesabu ya tatu ndiyo iliyotufanya tukashika kalamu. Watoto waliozaliwa wafu, pamoja na waliokufa katika wiki yao ya kwanza, walikuwa 36 katika kila elfu pale ambapo hapakuwa na ujumbe, na 19 pale ulipokuwapo. Mwenye kupata kumchimbia mtoto kaburi dogo hahitaji kuelezwa maana ya tofauti hiyo.

Sasa twaomba mwanachama asome kwa makini, maana hapa ndipo penye jambo la kutuhusu. Wataalamu walipozitenganisha hesabu za mjini na za shamba, waliona kuwa ongezeko la kujifungulia mbele ya mkunga lilikuwa la mama wa mjini. Kwa mama wa shamba haikuonekana tofauti ya kutegemewa. Ujumbe ni ule ule, maneno ni yale yale, lakini wa mjini akainuka akaenda na wa shamba akabaki. Nasi wanachama wa chama hiki, karibu sote, ni watu wa shamba.

Kwa nini ikawa hivyo? Sisi si madaktari, lakini twaona sababu yake si ngumu kuitambua. Tangu mwaka 1994 wajuzi wa uzazi wameyagawa machelewesho yanayoua mama mafungu matatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kutibiwa baada ya kufika. Ujumbe wa simu watibu cheleweshe la kwanza. Wamwambia mama na watu wake kwamba damu hii si ya kungoja, inukeni. Kwa mtu wa mjini, akiisha kuamua, gari iko mlangoni. Kwa mtu wa shamba, kuamua ndio mwanzo tu wa shida. Njia ni ya udongo, mvua imenyesha, saa ni saa nane ya usiku, na mwenye gari hajulikani namba yake, au anajulikana naye ataka nauli mkononi kabla hajawasha moto. Ujumbe haujazi tangi la petroli.

Tena liko jambo jingine, na hili twalisema kwa wanaume wenzetu bila ya kuficha. Simu ni ya nani? Katika nyumba nyingi simu iko moja, nayo imo mfukoni mwa bwana. Bwana yuko juu ya mkarafuu, au yuko kambini kwa wachumaji siku tatu, au yuko dukani. Ujumbe waingia, walia mlio wake, bwana auangalia, aona si habari ya fedha, aurudisha mfukoni. Anaporudi nyumbani amekwisha kusahau. Siku ambayo uchungu unamshika mama watoto, hana cha kumpigia mkunga, wala cha kumpigia huyo bwana mwenyewe. Chombo kilichotengenezwa kumwokoa yeye chatembea na mtu asiyezaa.

Wako wasemao ati mwanamke akipewa simu ataharibika. Maneno haya tumeyasikia, na heshima yao wenye kuyasema tunaiweka. Lakini twawauliza: huyo mwanamke mmemwachia funguo za nyumba, mmemwachia watoto, mmemwachia gunia za karafuu kavu ambazo thamani yake mnaijua. Je, amana zote hizo azichunge, halafu asiaminiwe simu katika mwezi wake wa tisa?

Na kama hofu ni siri za nyumba kutoka nje, basi yafaa tuangalie walivyofanya jirani zetu wa Kenya, maana kazi yao ilihusu ugonjwa ambao watu huuficha kuliko mimba. Kati ya mwaka 2007 na 2010 wagonjwa 538 wa UKIMWI, wengi wao wanawake, walitazamwa katika kliniki tatu, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado. Nusu yao walipelekewa ujumbe kila wiki na muuguzi. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja tu: "Mambo?" Haukutaja dawa, haukutaja maradhi. Mume, mkwe au jirani angeuona, asingejua lo lote. Mgonjwa alitakiwa ajibu katika muda wa saa 48, ama "Sawa", ama "Shida". Aliyejibu "Shida", na aliyenyamaza pia, alipigiwa simu na muuguzi. Waliozitumia dawa zao barabara walikuwa 62 katika kila mia, na katika wale wasiopata ujumbe walikuwa 50. Lugha iliyotumika, kama mnavyoona, ni hii yetu. Nasi twaona siri ya mafanikio yake ilikuwa katika yule muuguzi aliyekuwa akingoja jibu. Kumsemesha mtu na kumsikiliza ni mambo mawili.

Bara nako, mwezi Novemba mwaka 2012, ilianzishwa kampeni ya Wazazi Nipendeni, na watu wakaweza kupata ushauri wa mimba kwa ujumbe usiolipiwa, kwa namba 15001. Akina baba nao waliweza kujiandikisha wapate ujumbe wao, jambo ambalo sisi twalipenda.

Hapa visiwani kazi haikusimama pale ilipoachwa na wale wa Denmark. Tangu mwaka 2011 palikuwapo mpango wa uzazi salama ambao ulimpa simu mkunga wa jadi mwenyewe. Simu ilimwongoza maswali ya kumwuliza mama, na katika majaribio yake ya mwanzo, fedha za gari zililipwa kwa njia ya simu hiyo hiyo. Hapo cheleweshe la pili likaguswa! Baadaye ukaja mpango wa Jamii ni Afya, ambao umeenea katika wilaya zote 11 za Unguja na Pemba. Wajitoleaji wa afya wa shehia hupita nyumba kwa nyumba na simu yenye programu. Huwazuru waja wazito na wenye watoto wachanga, huwauliza hali zao, na mwenye dalili mbaya humwandikia kwenda kituoni. Mwanachama akimwona mtu wa namna hiyo mlangoni kwake, asimwambie bibi hayupo. Amkaribishe, na bibi aachwe ajibu maswali kwa kinywa chake mwenyewe.

Faida ya mtu kupita nyumbani ni kubwa kwetu pia kwa sababu ya kusoma. Wako mabibi wengi waliokhitimu vyuoni, wenye kuisoma Kurani vizuri na kuandika barua kwa herufi za Kiarabu, lakini hizi herufi za simu haziwakai. Si wajinga hao. Ujumbe wa kusomwa wawapita, na ujumbe wa sauti au wa mtu ndio uwafaao. Mtoto wa darasa la tano aweza kumsomea mama yake, lakini si kila neno la uzazi lafaa kusomwa na mtoto wa darasa la tano.

Dalili zisizongojea asubuhi ni hizi, na zafaa zijulikane na bwana kama zinavyojulikana na bibi: kutoka damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, kifafa, homa kali, chupa kupasuka kabla ya uchungu, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Za kliniki tusizitaje sana, ila kwamba zile safari nne za zamani hazitoshi tena. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri mja mzito aonane na wahudumu mara nane, na ya kwanza iwe kabla mimba haijapita wiki 12.

Basi Kamati ilipokutana ilizungumza habari hizi kwa urefu, na hawakukosekana waliosema kuwa hii si kazi ya chama cha karafuu. Wengi waliona ni kazi yake. Yaliyokubaliwa ni haya. Katika nyumba yenye mja mzito, tangu wiki ya 36, simu ibaki nyumbani ikiwa na chaji na salio, na bwana akienda kambini aache namba ya mwenzake atakayepatikana huko. Kila tawi litafute madereva wawili au watatu wenye kukubali kuitwa usiku, na nauli ya kufika kituoni na ya kufika hospitali ipatanwe nao mapema, mchana, watu wakiwa na utulivu, maana nauli ipatanwayo saa nane ya usiku si nauli bali ni fidia. Mwanachama asiye na fedha taslimu, dereva amchukue kwanza mgonjwa, na chama kitamlipa dereva kwa simu kisha kikate katika malipo ya karafuu za mwanachama huyo. Mweka hazina ametenga fungu dogo la kuanzia. Ni dogo kweli, nalo halitoshi kwa msimu wenye uzazi mwingi, kwa hiyo wenye uwezo waliongeze.

Swali la wachumaji wasio wanachama, wanaokuja kambini na wake zao kutoka mbali, halikumalizika. Wako waliotaka nao wahesabiwe, na sisi ni katika hao, kwa kuwa mwanamke aliye ugenini hana jamaa wa kumbebea hata kilemba cha nauli. Litarudi mkutanoni.

Makatibu wa matawi walete majina ya madereva, namba zao na nauli waliyopatana, kabla uchumaji haujaanza. Orodha itabandikwa penye mizani, na nakala moja apewe mjitoleaji wa afya wa kila shehia. Namba ya kituo cha afya iandikwe juu kabisa, kwa herufi kubwa, za Kiarabu na hizi nyingine.