Kwa Nini Amefungua Mlango?

Iwe ni kwenye kibanda umiza au sebuleni, filamu ya kutisha haitazamwi kimya kimya. Msichana akishika kitasa cha chumba chenye giza, watu humpigia kelele asiingie. Akiingia analaumiwa yeye, kisha mwandishi aliyemtunga, na mwisho filamu nzima inaitwa ya kipuuzi. Lawama hizo huchanganywa kana kwamba ni moja, na hapo ndipo tunapokosea. Kuna tobo la hadithi, yaani filamu kuvunja kanuni iliyojiwekea yenyewe au kuacha jambo bila maelezo. Kuna pia uamuzi wa mhusika ambao sisi tuliokaa kwenye kiti tunauona wa kijinga. Tobo mara nyingi linasameheka. Uamuzi mbaya mara nyingi si kosa hata kidogo. Kinachoiua filamu ni mhusika kufanya jambo ambalo tabia yake, kazi yake na hofu yake haziwezi kulieleza.

Tuanze na tobo. Katika Halloween ya John Carpenter (1978), muuaji Michael Myers anafungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili akiwa na miaka 6, anatoroka akiwa na miaka 21, na usiku huohuo anaondoka akiendesha gari. Nani alimfundisha? Filamu inalijua swali hilo. Daktari mmoja analiuliza, na Dakta Loomis, aliyekuwa akimtibu Michael, anamjibu kwa ukali kwamba labda kuna mtu pale hospitalini alimpa masomo. Hilo ni jibu la mtu aliyekasirika, wala hakuna jingine linalotolewa. Hata hivyo ni vigumu kumpata aliyeacha kumwogopa Michael kwa sababu ya leseni ya udereva. Tangu mwanzo filamu haikuahidi kutueleza yeye ni nani. Inamwonyesha kama kitu kisichopimika kwa akili za kawaida, na gari linaongezea kutopimika huko.

Uamuzi wa mhusika una hesabu yake. Sisi tumeona bango, tumesikia muziki ukibadilika, tumeonyeshwa kivuli nyuma ya pazia. Yeye hana muziki. Mwaka 1996 Wes Craven aliichezea tofauti hii katika Scream: mhusika mkuu, Sidney, anawakejeli kwenye simu wasichana wa filamu wanaokimbilia ghorofani badala ya kutoka mlango wa mbele, na muda mfupi baadaye anakimbilia ghorofani mwenyewe, kwa kuwa mlango huo ameufunga kwa mnyororo na muuaji yuko mgongoni. Mfano mzito zaidi ni Night of the Living Dead ya George Romero (1968). Watu saba wamo katika nyumba ya shambani iliyozingirwa na wafu wanaotembea. Harry Cooper anataka wote washuke chumba cha chini, kwa sababu kina mlango mmoja tu wa kulinda. Ben anakataa, kwa sababu hiyohiyo: mlango mmoja ukivunjwa hakuna pengine pa kutokea. Watazamaji humfuata Ben kwa kuwa ni jasiri na mchapakazi, ilhali Cooper ni mbinafsi asiyependeka. Kwa lugha ya vibandani, Ben ndiye steringi. Lakini nyumba inavamiwa, na Ben anaponea katika chumba kilekile alichokikataa. Je, Cooper alikuwa na akili kuliko yeye? Hapana, maana mle chini alikuwamo bintiye mwenyewe aliyeng'atwa, ambaye alikufa, akainuka na kumuua mama yake. Kila mmoja alichagua kwa kadiri ya alichojua na jinsi alivyo. Asubuhi Ben anapigwa risasi na watu waliokuja kuwasaka wafu, wakimdhania mmoja wao. Steringi hafi, husemwa mtaani. Romero hakuwa amesikia.

Jaribio bora la hoja hii limefanywa na Ridley Scott, pengine bila kukusudia, kwa filamu mbili za ulimwengu mmoja zilizopishana miaka 33. Katika Alien (1979), Kane, mmoja wa wafanyakazi wa chombo cha angani, anarudishwa chomboni akiwa na kiumbe aliyemng'ang'ania usoni. Ripley, anayeshika uongozi wakati nahodha yuko nje, anakataa kufungua: kanuni inataka karantini ya saa 24. Ash, afisa wa sayansi, anafungua. Hapo mtazamaji ana haki ya kupiga kelele, kwani mwanasayansi ndiye aliyetakiwa kuwa wa kwanza kuilinda karantini. Baadaye tunagundua kwamba Ash ni roboti, na kampuni iliyowaajiri imemwagiza amfikishe kiumbe huyo hata kama wenzake wote watakufa. Lile lililoonekana tobo lilikuwa ushahidi. Hata Brett, anayekwenda peke yake gizani kumsaka paka, amepewa sababu: paka akiendelea kuzurura, kifaa chao cha kunasa mwendo kitawapotosha tena.

Sasa tazama Prometheus (2012). Fifield, ambaye vyombo vyake ndivyo vinavyochora ramani ya mapango, anapotea njia katika mapango hayohayo. Millburn, mtaalamu wa viumbe hai, anaikimbia maiti ya kale isiyoweza kumdhuru mtu. Saa chache baadaye anamnyooshea mkono kiumbe hai mfano wa nyoka, akimbembeleza kama mtoto. Mwoga angekimbia mara zote mbili. Mdadisi angebaki mara zote mbili. Millburn anageuka kwa sababu tu hadithi inahitaji maiti nyingine. Wengi humcheka zaidi Vickers, anayekimbia mbele ya chombo kinachobiringika badala ya kuchepuka pembeni, lakini yeye ndiye ninayeweza kumtetea. Zile ni sekunde chache za kihoro, na miguu haisubiri kupigiwa hesabu.

Watetezi wa filamu hiyo watasema kwamba hata watu halisi hufanya upuuzi wakishikwa na hofu. Ni kweli, ndiyo maana nimemsamehe Vickers. Millburn hakushikwa na hofu; alikuwa akifurahia. Wengine watasema wahusika wakiwa na akili hakutakuwa na filamu. A Quiet Place ya John Krasinski (2018) inawajibu. Familia ya Abbott inatembea pekupeku juu ya njia za mchanga, inaongea kwa lugha ya ishara inayoijua kwa sababu binti yao ni kiziwi, na bado inafikiwa na viumbe wanaowinda kwa kufuata sauti. Kwa nini hawakuhamia karibu na maporomoko ya maji, ambako baba na mwana wanaweza kupaza sauti bila kusikika? Hilo ni tobo, na filamu inalipita haraka. Kwa nini mama ana mimba katika dunia ambamo kilio cha mtoto ni hukumu ya kifo? Hilo si tobo. Ni watu waliompoteza mtoto wao mdogo mwanzoni mwa filamu, na tunaweza kuwapinga bila kudai kwamba hatuwaelewi.

Ukiipata Alien, itazame mara ya pili, na safari hii usimfuate Ripley. Mfuate Ash.