Picha Mbili kwa Pamoja: Je, Dawa ya Saratani Inafanya Kazi?



Tunapomuuguza mgonjwa wa saratani hujiuliza: je, dawa inafanya kazi? Picha ya CT huonyesha umbo la uvimbe na mahali ulipo, lakini haisemi kama ungali hai. Ndipo mwaka 1998, huko Pittsburgh, Marekani, ikaanza kutumika mashine inayounganisha CT na kipimo cha PET.

Mgonjwa hukaa bila kula kwa saa sita hivi, kisha hudungwa sukari kidogo yenye mionzi. Nguvu ya mionzi hiyo hupungua kwa nusu kila dakika 110. Saratani nyingi hula sukari kwa pupa, hivyo hung'aa katika picha.

Kwa saratani ya mitoki iitwayo Hodgkin, mgonjwa huweza kupimwa baada ya mizunguko miwili ya dawa. Mng'ao ukizimika, daktari aweza kuondoa bleomisini, dawa inayoweza kudhuru mapafu. Ukibaki, aweza kuongeza nguvu ya matibabu.

Tukumbuke kuwa kifua kikuu nacho hung'aa, basi si kila mng'ao ni saratani. Kinyama hukatwa kikapimwa.

Tuwahini hospitali mapema. Shifaa yatoka kwa Mwenyezi Mungu, nasi tumeamrishwa kutafuta tiba.