Kalenda ya simu inaweza kukufanya uachwe na ndege, sababu ni hii

Mkazi wa Himo anaweza kuvuka mpaka wa Holili asubuhi, akafanya biashara zake Taveta na kurudi jioni bila saa ya simu kuhama hata dakika moja. Tanzania, Kenya na Uganda zote zinatumia saa za Afrika Mashariki, yaani masaa matatu mbele ya saa ya kimataifa inayoitwa UTC. Ndiyo maana wengi hawajawahi kujiuliza kalenda ya simu inafanya nini mtu akisafiri. Ila safari ikivuka ukanda huo, mambo hubadilika.

Chukua mtu wa Himo anayekwenda Muscat, Oman. Tiketi yake ya kurudi inasema ndege inaondoka 14:00, saa nane mchana. Kabla hajaondoka nyumbani anafungua kalenda na kuandika safari hiyo: 14:00. Anafika Muscat, simu inakamata mtandao wa huko na saa inasogea mbele lisaa limoja. Siku ya kurudi anafungua kalenda na kukuta imeandikwa 15:00. Akiifuata hiyo, atafika uwanjani ndege iko angani.

Hakuna aliyechezea simu yake. Alipoandika 14:00 akiwa Himo, kalenda ilielewa ni 14:00 ya Tanzania, na kumbukumbu iliyobaki ndani ni ya 11:00 kwa saa ya UTC. Alipofika Oman, ambako ni UTC na masaa manne, programu ilipiga hesabu upya: 11:00 ongeza manne, 15:00. Kwa kalenda, hilo ni tukio lilelile, wakati uleule. Kosa liko kwenye tafsiri, kwa sababu tiketi za ndege huandika saa ya mahali ulipo uwanja na wala si saa ya nyumbani kwako.

Dawa yake ni ndogo. Kwenye Google Calendar, unapoweka tukio kuna sehemu ya kuchagua saa za eneo. Kwenye iPhone ipo pia, karibu na saa ya kuanza. Mtu akichagua Muscat kabla ya kuhifadhi, kalenda itamwonyesha 13:00 akiwa Himo na 14:00 akiwa Muscat, na zote mbili zitakuwa sahihi. Tukio la siku nzima, kama siku ya kuzaliwa, halina shida hii. Hilo limefungwa kwenye tarehe tu, halihami na saa.

Kuelekea magharibi hesabu inageuka. Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi na mashariki mwa Kongo ziko nyuma ya Tanzania kwa lisaa limoja. Dereva aliyeandika akiwa Himo kwamba anapakua mzigo Kigali saa 8:00 ataona 7:00 akishafika. Atawahi na kusubiri, hasara yake si kubwa.

Anayeumia zaidi ni yule aliyelala mpakani, Rusumo au Tunduma. Hapo simu iliyowekwa kujipangia saa yenyewe inaweza kunasa mtandao wa upande wa pili na kurudi nyuma lisaa limoja ilhali mwenyewe bado yuko Tanzania. Na alamu haifanyi kazi kama kalenda. Kalenda hushika wakati halisi, alamu hufuata namba inayoonekana kwenye kioo. Alamu ya 5:00 italia simu ikionyesha 5:00, hata kama kwa saa za Tanzania tayari ni 6:00 na basi limeshawasha injini. Kwa usiku wa namna hiyo ni salama zaidi kuzima saa ya kujipanga yenyewe na kuchagua saa za Tanzania kwa mkono.

Himo ni njia panda ya kwenda Marangu, na wapo waongoza watalii wanaopanga safari za mlima kwa simu za video na wateja wa Ulaya na Marekani. Kwao shida inakuja hata bila kusafiri. Nchi za Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mteja wa Berlin akiweka kikao cha kila wiki saa 18:00 kwa saa zake, Himo kitakuwa saa 20:00 wakati wa baridi na saa 19:00 wakati wa kiangazi. Kikao kikiundwa na mtu wa Himo, kinatulia Himo na anayehamishwa ni Mjerumani. Kwa hiyo swali la maana ni nani aliyekiweka.

Marekani nayo ina ratiba yake: Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Mwaka 2026 ni Machi 8 na Novemba 1, wakati Ulaya ni Machi 29 na Oktoba 25. Katikati ya tarehe hizo, mazoea ya "kule wako nyuma masaa kadhaa" hayafai kitu.

Simu hujua haya yote kwa sababu inabeba orodha ya sheria za saa za dunia nzima, na orodha hiyo husasishwa serikali zinapobadilisha mambo. Misri, kwa mfano, ilirudisha utaratibu wa kusogeza saa mwaka 2023 baada ya kuuacha kwa miaka kadhaa. Simu ya zamani isiyopata masasisho inaweza kukosea nchi kama hiyo.

Lipo jingine ambalo ni la kwetu waswahili. Kalenda haihesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Ukiandika 3:00 ukimaanisha saa tatu asubuhi, simu itaelewa saa tisa usiku na itakuamsha muda huo. Saa tatu asubuhi iandikwe 9:00, na saa tatu usiku 21:00. Mtindo wa masaa 24 kwenye mipangilio ya simu unapunguza mkanganyiko huo, hasa kwa ujumbe unaotumwa kwa mgeni ambaye hajui kwamba saa tatu ya Himo ni saa tisa kwake.