Huacatay Jikoni: Jani la Andes na Kijiko cha Chumvi

Katika mji wa Arequipa, kusini mwa Peru, mpishi wa ocopa huanza na pilipili. Pilipili za manjano zilizokaushwa hutolewa mbegu, hulowekwa katika maji ya moto mpaka zilainike, kisha hukaangwa kidogo pamoja na vitunguu maji na vitunguu saumu. Hufuata karanga zilizokaangwa, biskuti, jibini changa na maziwa ya kopo. Mwisho hutiwa jani ambalo, likikosekana, mchuzi huo haustahili jina lake: huacatay. Vyote husagwa juu ya jiwe liitwalo batán, au siku hizi kwa mashine ya umeme, mpaka upatikane mchuzi mzito wa kumwagiwa viazi mviringo vilivyochemshwa. Juu yake huwekwa yai na zeituni.

Jina hilo, ambalo hutamkwa wakatai, ni la Kikechua. Wataalamu wa mimea huuita mmea huu Tagetes minuta, jina alilolitoa Linnaeus mwaka 1753. Neno minuta lina maana ya kitu kidogo, nalo lahusu maua yake membamba, kwani mmea wenyewe waweza kumpita mtu kimo. Jani lake limegawanyika katika vijani vyenye kingo za meno, na ukilielekeza kwenye mwanga utaona vitone vidogo vya mafuta. Ukilifikicha, hutoa harufu kali inayokumbusha mnanaa, mrehani na ganda la chungwa kwa pamoja. Hata hivyo huacatay si mnanaa, ingawa wengi nje ya Peru huiita mnanaa mweusi. Ni wa jamii moja na alizeti, jambo ambalo mtu mwenye mzio wa mimea ya jamii hiyo anapaswa kulijua kabla ya kuonja.

Harufu hiyo ndiyo inayomvutia daktari. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima ale chumvi isiyofikia gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo tayari ndani ya vyakula. Mgonjwa wa shinikizo la damu aambiwapo apunguze chumvi, malalamiko yake ya kwanza huwa kwamba chakula kimepoa ladha. Malalamiko hayo ni ya haki, na mhudumu wa afya asiyeyajibu hupoteza mgonjwa wake mezani. Kiungo chenye harufu kali, kikisaidiwa na pilipili na vitunguu saumu, huujaza mdomo ladha hata chumvi ikipungua. Ieleweke vema: huacatay haipewi hapa sifa ya kushusha shinikizo la damu. Kazi yake ni kumfanya mtu avumilie chakula chenye chumvi kidogo.

Ocopa yenyewe yaweza kumdanganya mpishi. Jibini ina chumvi, na zeituni, biskuti na hata maziwa ya kopo huongeza yake. Atakayetia kijiko cha chumvi mwanzoni kwa mazoea atakuwa ametia mara mbili. Afadhali asage kila kitu kwanza, aonje, ndipo aamue. Jibini yenye chumvi nyingi yaweza kulowekwa katika maji safi ndani ya jokofu kwa saa chache, maji yakimwagwa. Kwa mwenye mzio wa karanga, mchuzi huu ni hatari ya kweli, nayo haionekani kwa macho, maana karanga imesagwa ikatoweka. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu achemshe viazi vilivyokatwa vipande katika maji mengi, kisha ayamwage.

Majani hupukutwa kutoka kwenye vikonyo, huoshwa na kusagwa na mafuta kidogo. Yakizidi, mchuzi huwa mchungu, hivyo wapishi hutia kidogo kidogo. Kwa kuwa mafuta yanayobeba harufu hupeperuka kwa joto, katika mchuzi jani hutiwa mwishoni. Pachamanca hufuata njia nyingine: nyama iliyopakwa viungo, huacatay ikiwamo, hufukiwa ardhini pamoja na viazi na mawe ya moto, na harufu hubaki imefungwa shimoni.

Jani la jikoni na mafuta yaliyokamuliwa kwa mvuke ni vitu viwili. Mafuta hayo yana nguvu nyingi, na ngozi iliyopakwa yaweza kuungua ikipigwa na jua. Kwa sababu hiyo wanasayansi wanaoshauri Umoja wa Ulaya walipendekeza yasizidi asilimia 0.01 katika vipodozi vinavyobaki juu ya ngozi, na yasitiwe kabisa katika vile vya kukinga jua. Watu wa Andes hunywa pia maji ya majani haya kwa maumivu ya tumbo, lakini hiyo ni desturi, si kipimo cha dawa.

Msomaji wa nyanda za juu za Kenya au Tanzania huenda ameukanyaga mmea huu asubuhi ya leo. Ulivuka bahari zamani, ukawa gugu la mashambani, na mbegu zake nyeusi hunata kwenye nguo. Wakikuyu huuita mubangi, jina lililotokana na mfanano wa majani yake na bangi, ingawa mimea hiyo miwili haina undugu. Gugu lililoota kando ya barabara au katika shamba lililopigwa dawa si la kuchumwa kwa ajili ya chungu, wala mtu asiyeutambua mmea kwa hakika asibahatishe.

Basi mgonjwa akitaja mmea huu kliniki, na aulizwe anatumia sehemu gani, kiasi gani, kwa njia gani, na kama ameacha vidonge vyake. Akijibu kwamba ni majani machache ndani ya mchuzi wa viazi, mazungumzo yahamie kwenye jibini.